Mengineyo

Mikutano ya Ijumaa katika kile kiwanda cha sare za shule, karibu na Pumwani jijini Nairobi, ilikuwa balaa tupu. Mashine zililala, mishahara ikienda bure, na wasimamizi walizungusha maneno mpaka chai ikapoa. Kisha, mwisho wa ajenda, yakaja mengineyo: huyu kafiwa, yule anamwoza binti. Watu wakalia, wakachanga, wakapanga lori la kupeleka maiti kwao.

Khavere ndiye aliyechoka kwanza. Mumewe Zedekiah alikuwa kitandani mtaani Kaloleni, kifua kimemmaliza, na kila saa ya mkutano Khavere aliiona kama saa aliyoibiwa. Siku moja alisimama akamwambia msimamizi Ngui bila kupepesa macho kwamba mambo ya kazi yasemwe kwa ufupi, mengineyo yafutwe, watu waende nyumbani. Wakampigia makofi. Ngui, aliyependa mwenye kiwanda amsifu, akatekeleza wiki ileile. Na kweli kazi ikanyooka.

Ijumaa moja asubuhi Zedekiah alizidiwa, akakimbizwa hospitalini. Adhuhuri akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Khavere hakuwa na ndugu Nairobi. Watu wake walikuwa wale wa kiwandani, basi akawafuata kwa miguu.

Akakuta mkutano umeanza. Kumkatiza mtu mzima akizungumza si adabu, kwa hiyo aliketi karibu na mlango angojee mengineyo, awaambie wote pamoja, wamlilie kama alivyowalilia. Uchungu ulikuwa umemsahaulisha kwamba mengineyo hayapo tena.

Wakazungumzia vifungo. Wakazungumzia uzi wa buluu. Kisha Ngui akasema yamekwisha, na watu wakainuka mbiombio na mikoba yao. Kanyiva, rafiki yake wa mashine ya jirani, alimpungia mkono akiwa tayari nje.

Ngui alimwona bado ameketi, akatabasamu.

"Mama, si ni wewe ulitutengenezea hii njia? Enda nyumbani, mzee anakungoja."

"Hakuna anayeningoja," Khavere akasema. "Zedekiah amekufa leo. Nilikuwa nangoja mengineyo, niwaambie."

Ngui alikimbilia mlangoni akaita majina, moja baada ya jingine. Uwanja ulikuwa mtupu. Wote walikuwa wamewahi kwao.