Mwenye Farasi

Mguu wa mbele wa farasi Kirinyaga ulikuwa umevimba, na Jedidah, nesi wa miaka mingi, aliugusa tu akajua. Ulikuwa wa moto. Farasi akauvuta nyuma.

"Kesho huyu asikimbie," akamwambia mumewe.

Francis alimgeukia Alfred, mkufunzi waliyemkabidhi farasi wao wa pekee. "Atakimbia?"

"Nikimdunga, atakimbia. Sema wewe, mwenye farasi."

"Mambo ya sindano mimi siyajui," Francis akasema, akitazama pembeni. "Nataka ashinde. Nusu ya kanisa inakuja kumwona."

Mugisho, Mkongo aliyemlisha na kumsafisha Kirinyaga, aliambiwa ashike kamba ya farasi adungwe. Akashika. Jedidah alitoka, akaenda kungoja kwenye gari.

Kesho yake Kirinyaga aliongoza hadi kona ya mwisho, kisha mguu ule ule ukakatika, mlio wake ukasikika mpaka jukwaani. Walimzungushia pazia, daktari akammaliza hapo hapo. Watu wa kanisa wakarudi mjini kwao Burnsville bila kuagana.

Vipimo vya damu vilionyesha dawa ya kuua maumivu, na tume ya mbio ikaita kikao. Alfred alikubali kosa upesi, kama mtu aliyezoea. Mugisho alinyang'anywa leseni ya kazi kwa sababu ya ile kamba. Ikafika zamu ya Francis.

"Ulijua?" mwenyekiti akauliza.

"Sikujua. Nilimwamini mkufunzi."

Mugisho aligeuka akamtazama Jedidah.

Jedidah akasimama. "Alijua. Aliulizwa nikiwepo. Nami nilijua, nikanyamaza."

Francis alifungiwa miaka miwili asiingize farasi mbioni. Leseni ya Mugisho haikurudishwa.

Jedidah alimkimbilia Mugisho nje, kumwomba msamaha.

"Mama Makena," Mugisho akasema taratibu, "ungesema siku ile, kule zizini. Farasi angekuwa mzima." Akaenda zake kutafuta basi.

Tangu hapo Francis alilala chumba cha chini. Jioni moja Jedidah, akiwa ngazini, alimsikia akiongea na Alfred kwenye simu: farasi mwingine amepatikana, ataandikwa kwa jina la shemeji.

Alishuka, akasimama mlangoni. Francis akaifunika simu kwa kiganja.

"Unataka nini tena?"

"Nitaiambia tume, Baba Makena."

"Utavunja nyumba."

Jedidah alipanda juu, akapiga simu.