Turbo Kubwa ya Mkwe Wangu

Siku ya nne baada ya ajali mjukuu wangu alikuwa bado anamwita mama yake, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, mikono kaibana katikati ya magoti, hataki kuingia. Mlango ulikuwa wazi. Tulimsikia sote: mimi, mkwe wangu, na mama mzazi wa mkwe wangu, aliyekuwa amekumbatia chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa.

"Mama! Mama, njoo!"

Mtoto wa miaka sita. Kila akiita, binti yangu aliinama zaidi, utadhani anapigwa kofi kisogoni.

"Siendi," alisema. "Mimi ndiye niliyemvunja. Nikamshike kwa mikono gani?"

Muuguzi alitoka na bakuli la uji vile vile alivyoingia nalo. Mwanamke mfupi, mpole, lakini siku hiyo upole ulikuwa umemwishia.

"Mama, mtoto hajatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi. Akikiona kijiko tu anafumba mdomo. Kesho anarudi kupasuliwa, nyonga haijakaa sawa. Atapasuliwa na nguvu gani?"

"Mwambieni baba yake amlishe."

"Baba yake ameingia mara tatu. Anakutaka wewe."

Binti yangu alitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, na nilikuwa na neno moja ambalo lingemwinua pale alipo. Nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Nililimeza asubuhi, nikalimeza mchana, na usiku likanikaba. Mwanamume mzima, mvi hadi masikioni, nimekufa ulimi.

Mimi ni fundi wa injini. Kazi yangu hasa ni turbo, kile chuma cha mviringo kama konokono kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kiisukumie injini hewa. Hewa ikizidi, mafuta yanazidi, gari linapata nguvu. Mtoto wa shule anaweza kuelewa. Kisichoeleweka kwa watu wengi ni kuchagua ukubwa. Turbo ndogo inaamka mapema, inakusaidia kwenye foleni, kwenye mlima, kwenye mzunguko wa barabara. Turbo kubwa ina nguvu za kutisha, lakini ni nzito kuamka. Unakanyaga mafuta, inakutazama. Unahesabu moja, mbili, pengine tatu, ndipo inakurusha.

Kwa hiyo nina utaratibu wangu, na wateja wananicheka kwa ajili yake. Mtu akija na gari lake la spoti, lile lile analokwendea kazini kila siku, akaniambia, "Fundi, nitie kubwa kuliko zote," simbishii. Namwambia kesho asubuhi nitakuwa abiria wako. Napanda naye kutoka mlangoni kwake hadi kazini, jioni tunarudi wote, na magotini nina daftari. Naandika mshale wa mizunguko ya injini unakaa wapi. Daftari halina haya. Jitu linalojiita rubani unakuta siku nzima liko mizunguko elfu mbili, limekwama nyuma ya gari la taka. Namfungia ndogo, ananinunia wiki moja, halafu ananiletea rafiki zake. Miaka ishirini na sita sijawahi kukosea.

Halafu akaja mkwe wangu.

Sina ubaya naye. Ni kijana mchapakazi, ananiheshimu, ananiita baba bila kuuma maneno. Lakini akisimama mbele ya gari lake lile la milango miwili, akili yote inamtoka. Alikuja ameibeba turbo mwenyewe, kifuani, kama mtu aliyetoka kujifungua. Aliiagiza nje bila kuniuliza. Akaiweka mezani kwangu, kando ya ndogo niliyokuwa nimemtayarishia.

"Baba, hebu iangalie tu. Iangalie."

Niliiangalia. Sijui niseme nini ili mtu asiyeshika spana anielewe. Mdomo wake ungeweza kumeza ngumi yangu. Mapanga yake yalikuwa yamechongwa safi, niliyagusa kwa kidole yakazunguka bila sauti, yakaendelea kuzunguka. Sijawahi kufunga kubwa namna ile maishani, na nilijua kwa umri huu sitaletewa nyingine. Niliitaka. Nasema wazi, niliitaka kuliko yeye.

"Utaratibu ni ule ule," nilimwambia, ili nijione mtu wa haki. "Lazima nipande."

"Jumamosi, baba. Siku za kazi mimi huchukuliwa na basi la ofisi."

Hapo ndipo ningesema hapana. Kama yeye huchukuliwa na basi la ofisi, gari la spoti siku za kazi linaendeshwa na nani? Nilijua. Si nilikuwa nikimwona kila asubuhi kutoka mlangoni mwa gereji? Binti yangu hupita na mtoto nyuma, anapiga honi mara mbili, mjukuu ananitolea ulimi dirishani. Anamshusha shuleni, anaingia barabara kuu, anakwenda kazini kwake kwenye maabara ya maji. Kila siku. Mimi abiria nilipaswa kukaa pembeni ya binti yangu, siyo ya mumewe.

Nikapanda Jumamosi. Mkwe wangu akanipeleka ile njia pana ya nje ya mji, hakuna foleni wala watoto wa shule, mshale elfu tano, elfu sita, madirisha wazi, sisi wawili tunacheka kama waliotoroka darasani. Nikaandika elfu tano, elfu sita. Nikafunga kubwa. Ile ndogo nikaisukuma chini ya meza.

Wiki mbili nilivimba kichwa. Mafundi wenzangu walikuja kusikiliza mlio. Mmoja alinivulia kofia. Nikawa nasimulia hadi nachosha watu.

Wiki ya tatu binti yangu akaja gereji peke yake, saa ya chakula, bado amevaa koti jeupe la maabara.

"Baba, hili gari halinisikii siku hizi. Nakanyaga, linanyamaza. Nikishakata tamaa, linaruka kama limechomwa sindano. Pale pa kuingilia barabara kuu naona kabisa siku moja litanigeuka."

Nilijua papo hapo. Fundi gani asingejua? Angekuwa mteja wa mbali ningemwambia kaa hapo, nitoe hii, nifunge ile ndogo. Kazi ya siku moja. Lakini kufunga ile ndogo ni kusema nilikosea, na kulikuwa na fundi wa jirani amesimama hapo hapo na kikombe chake, masikio wazi. Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka.

"Mama, hilo siyo gari la kubembeleza. Kanyaga mapema. Usingoje nafasi ifike, anza kukanyaga kabla haijafika. Utalizoea."

Fundi wa jirani akacheka naye. Binti yangu akanitazama kidogo, akasema, "Haya baba," akaondoka. Nikajiambia wiki ijayo nitaibadilisha taratibu bila makelele. Wiki ijayo ilikuja, nikasema ijayo.

Siku ya tisa tangu aje gereji, alikanyaga mapema. Kulikuwa na manyunyu. Aliona nafasi kati ya basi na lori la maji, akaanza kukanyaga kabla haijafika, kama alivyoelekezwa. Gari likaingia nusu ya barabara likasinzia. Lilipoamka, liliamka lote kwa mpigo, matairi ya nyuma yakateleza pembeni, na lori likalipata ubavuni, nyuma, upande aliokaa mtoto. Binti yangu alitoka na mchubuko wa mkanda tu begani. Hilo ndilo linalomuua.

Askari wa usalama barabarani aliandika kwamba dereva aliingia barabara kuu bila uangalifu. Mkwe wangu alilia, halafu akaanza kusema, siku ya kwanza polepole, siku ya pili kwa sauti: "Nilimwambia ajifunze lile gari. Nilimwambia." Mama yake akasema mwanamke na mashine za namna ile wapi na wapi. Na binti yangu akawa anaitikia. Yeye mwenyewe anaitikia! "Kweli, sikuwa makini. Kweli, ni mimi."

Nami nipo hapo hapo, nimejikaza kisabuni, natazama vigae.

Gari lililetwa kwangu likivutwa. Nilifungua boneti nikiwa peke yangu. Ubavu wa nyuma ulikuwa umeingia ndani, kiti cha mtoto kimebanwa kama kopo la maziwa, na turbo iko pale, haina hata mkwaruzo. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, mlango wa gereji nimeushusha. Nikaapa nitasema. Nikaja hospitali, nikaona jinsi mkwe wangu anavyoinuka kunipisha kiti, nikaona mama yake anavyonimiminia chai kwa heshima, nikakaa kimya. Siku nne.

Sasa muuguzi alikuwa amesimama mbele yetu na uji unaopoa.

"Mama!" mtoto aliita ndani. Sauti ilikuwa imekauka. "Mama, umenikasirikia?"

Binti yangu alijiziba masikio kwa viganja viwili, akaanza kujitikisa mbele na nyuma. Sikuweza tena. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mikono nikaitoa masikioni kwa nguvu.

"Si wewe," nilisema. "Nisikilize. Si wewe uliyemvunja. Ni mimi."

"Baba, usinifariji."

"Sikufariji! Turbo niliyofunga haikufaa kwa gari unaloendesha wewe. Ilikuwa kubwa mno. Ulikanyaga haikuitika, ilipoitika ilikurusha. Dereva yeyote angeteleza pale. Mimi mwenyewe ningeteleza."

Mkwe wangu aliinuka. "Baba, unasema nini? Si ulipanda? Si uliandika kwenye daftari?"

"Nilipanda na wewe, Jumamosi. Nilijua fika siyo wewe unayeliendesha. Na wewe ulijua."

 Mama wa mkwe wangu aliiweka chupa ya chai chini, polepole sana.

"Lakini hata hivyo," mkwe wangu alianza, "mtu akiingia barabarani lazima..."

"Nyamaza," binti yangu alimwambia. Hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akimwambia mumewe neno lile. Alikuwa ananitazama mimi, machoni, kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Baba. Ulijua lini?"

Ningeweza kusema nilijua gari lilipoletwa limevunjika. Hakuna ambaye angenipinga. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva.

"Siku uliyokuja gereji."

"Siku niliyokuja kukuambia halinisikii?"

"Siku hiyo."

"Ukaniambia nikanyage mapema."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua."

"Nilijua. Niliona haya kusema nimekosea mbele ya yule bwana. Ningeibadilisha, wallahi, ningeibadilisha wiki ile..."

"Siku tisa," alisema. Alizihesabu kwa midomo, kama mtoto. "Siku tisa nilimpakia mwanangu kwenye lile gari, na wewe kila asubuhi unatupungia mkono. Halafu siku nne hizi umekaa hapa, unanisikia nikisema ni mimi niliyemvunja."

 Nilisema nisamehe, neno likatoka jepesi, halina uzito wowote, nikaona aibu hata kulirudia.

Alisimama. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Alimgeukia muuguzi, akanyoosha mikono miwili akapokea bakuli. Akaligusa bakuli kwa kiganja kuona kama uji bado una moto. Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akavuta pumzi, akaingia. Mkwe wangu alimfuata hadi mlangoni, akasita, akaingia naye kichwa chini.

Nilimsikia mtoto akilia, kilio kile cha mtu aliyepata alichokuwa akikililia. Kisha kijiko kikagonga bakuli. Kikagonga tena. Muuguzi alinitazama, akaenda zake. Mama wa mkwe wangu alikusanya vikombe vyake vyote, akaviweka kikapuni, akahamia benchi la mbali.

Anakula, nilijiambia. Anakula, atapasuliwa, atapona. Niliinuka magoti yakilia, nikasogea hadi penye mlango, siyo kuingia, kumwona tu. Nilimwona mguu. Ulikuwa umening'inizwa kwenye chuma, mweupe kwa plasta, mnene kuliko mwili wake mzima.

"Mama," mjukuu wangu alisema, mdomo umejaa uji, "na Babu naye yuko wapi?"

Binti yangu alikuwa ameuelekea mlango. Aliniona. Tulitazamana juu ya kichwa cha mtoto, na aliendelea kuchota uji.

"Babu hayupo," alisema.