Kuku wa Masolwa

Miezi kumi na moja nimelala chini, pembeni ya kitanda cha mume wangu, hata mgongo wangu umesahau godoro. Masolwa alianguka mtini kule Usinge akirina asali. Mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ulisagika, ukaoza, madaktari wakatoa kipande chenye urefu wa kidole. Watu wakasema mguu ukatwe tu. Tukapanga chumba Gongoni ili tuwe karibu na hospitali.

Daktari Gerson akaja na njia mpya. Mashine ilichapa, si karatasi, bali kipande cha mfupa wa bandia chenye vitundu tele. Wakachota uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, nyongani mwake, wakatoa humo seli changa, wakazipanda kwenye vile vitundu na kukifunga kipande penye pengo. Masolwa alielewa haraka kuliko mimi.

"Ni sega tupu hilo," alisema. "Nyuki wenyewe ndio watajaza."

"Sawa, ila nyuki hawa hawafanyi kazi mguu ukilala," daktari akajibu. "Wiki ya sita uanze kukanyaga, kidogo kidogo. Usipokanyaga sega litabaki tupu, na mimi nitabaki na msumeno."

Mama mkwe wangu, Bertila, naye alikuwa na lake. Siku tuliyotoka wodini alimvunja kuku mweupe mguu wa kulia, akaufunga vijiti, kama wafanyavyo mafundi wa mifupa wa kwao. Kuku akikanyaga, mgonjwa naye akanyage. Kabla ya hapo ni mwiko. Kisha akapanda basi kurudi shambani, akaniachia kuku wa kulisha na mwanawe wa kulisha.

Wiki ya sita ikafika, ikaja ya saba. Kuku amejikunja kwenye kona, Masolwa amejikunja kitandani. "Nitakanyaga vipi na mwenzangu bado?" Nilibembeleza, nikafoka mpaka jirani akagonga ukuta. Picha ya wiki ya nane ilionyesha pengo lile lile. Daktari akatupa wiki mbili za mwisho.

Jumanne alfajiri nikakuta mdondo, ule ugonjwa wa kuku, umemuua kuku wetu. Nililia, si kwa ajili ya kuku. Masolwa alikuwa bado amelala. Nikamviringisha marehemu kwenye khanga, nikaenda sokoni kununua mweupe mwingine, mzima, nikamfunga vijiti njiani nimechuchumaa, macho yamejaa usingizi.

Saa tatu nikafungua vile vijiti mbele ya Masolwa. Kuku akajikung'uta, akatembea hadi mlangoni kama mwenye nyumba.

"Umeona?" nikasema.

Masolwa alimtazama kuku, kisha akanitazama mimi. Akashika magongo, akashusha mguu wa kulia, akakanyaga. Jasho lilimtoka, lakini mguu ulimbeba.

"Mama Julieth," akasema akihema, "vijiti ulifunga mguu wa kushoto."

Nikakaa kitandani pake. "Sasa mbona umekanyaga?"

"Nimeiona mikono yako ilivyochoka ulipokuwa unavifungua. Wewe umekanyaga miezi yote hii, wala hukungoja kuku."

Nilikuwa nimechoka mno, hata kulia sikuweza.

"Hatua moja haijazi sega, Baba Julieth," nikamwambia. "Kanyaga tena."