Maji Yenye Samaki

Kwa maneno, Ernesta hakuwa na mpinzani pale Ntobeye. Aliongea na kuku, aliongea na migomba, aliigombeza hata sufuria iliyochelewa kuchemka, na mume wake Renatus alikuwa amezoea siku nyingi kuitikia "mm" bila kusikiliza. Kwa hiyo asubuhi ile alipoamka akakuta nyumba iko kimya, alijua kuna jambo. Alimkuta mkewe sebuleni, mbele ya sanduku la kioo, kiganja kimeziba mdomo. Samaki wa mwisho alikuwa akielea ubavu, mwili umejaa vidoa vyeupe kama aliyenyunyiziwa unga wa muhogo.

Nyuma yao, kwenye mlango wa chumba, alikuwa amesimama mtoto Kanyange na kikombe chake cha bati. Alimtazama yule samaki kwa muda. Kisha akakifudikiza kikombe sakafuni, akarudi kulala.

"Tumekwisha," Ernesta akasema.

Isidhaniwe kwamba hawa walikuwa watu wa kulilia samaki. Mwaka ule wa tisini na nne, wilaya ya Ngara ilikuwa na mambo mengi ya kulilia, na samaki hawakuwamo. Lile sanduku aliliacha bruda mmoja wa misheni alipohamishwa. Renatus, ambaye ni seremala na ndiye aliyekuwa akimtengenezea madirisha, akaona kioo kizima namna ile hakiwezi kutupwa. Akatia ndani visamaki vya bondeni, basi ikawa starehe yake ya jioni. Ernesta alimcheka kijiji kizima kikasikia. Mwanamume na akili zake anafuga mboga halafu haili.

Kicheko kiliisha alipokuja Kanyange. Alivuka kutoka Rwanda pamoja na ule umati mkubwa wa watu, hana mama, hana baba, hana hata wa kumshika mkono, na Ernesta akamkuta amekaa kando ya barabara akinyonya ganda la ndizi. Hakuwa bubu. Kihangaza cha Ngara na lugha ya kwao ni ndugu, walielewana vizuri tu, na jina lake alilitaja mwenyewe. Ila maji hakunywa. Kilichokuwa kikielea kwenye mto wa mpakani mwaka ule kila mtu wa Ngara anakijua, na hakuna anayependa kukitaja. Kanyange alikiona kwa karibu kuliko wengi. Tangu hapo, kwake maji yote yalikuwa mto ule ule. Uji aliukataa, mchuzi aliukataa. Aliishi kwa ndizi mbivu na miwa, akazidi kukauka.

Halafu siku moja akaliona sanduku la kioo. Alikaa mbele yake tangu asubuhi, pua imegusa kioo, akiwatazama wale samaki wakifungua na kufunga midomo. Jioni akauliza, "Wanakunywa?" Ernesta, ambaye hakuwahi kukosa jibu maishani mwake, akasema, "Wanakunywa kutwa nzima." Mtoto akaomba kikombe.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Ernesta anakuja na ndoo, anamimina kidogo kwenye sanduku, anamimina kidogo kwenye kikombe. Kanyange anawatazama samaki mpaka aridhike. Akiridhika, anakunywa. Majirani walisema Ernesta amempumbaza mtoto, na Ernesta akawajibu majibu ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Sasa samaki wamekufa wote, tena kwa kosa la Renatus. Ndiye aliyeleta samaki mpya kutoka dimbwi moja linalokauka akamchanganya na wengine, na yule mgeni ndiye aliyeingia na vidoa. Renatus alilijua hilo. Alikuwa anazunguka nyumba bila kumtazama mkewe usoni.

"Bruda alinifundisha," akasema mwishowe. "Ugonjwa ukiingia, unamwaga kila kitu. Unasugua kioo kwa chumvi, unachemsha mawe yote, unaanika juani mpaka vikauke kabisa. Na alisema usiwe na haraka. Ukiharakisha, ugonjwa unarudi."

"Huyo bruda hakuwa na mtoto asiyekunywa maji," Ernesta akasema. "Mwaga."

Wakalitoa sanduku uani. Ernesta alisugua kioo kwa chumvi ya mawe mpaka vidole vikachubuka, akayachemsha yale mawe ya chini kwenye sufuria kubwa ya kupikia pombe kwa vipande vya mbao alivyobakiza Renatus, akayachemsha tena kwa kuwa roho yake haikutulia. Jua la kiangazi lilikuwa kali, na mara hii hakulilaani. Kila baada ya muda aliingia ndani na kipande cha muwa. Siku ya kwanza Kanyange alikinyonya. Siku ya pili alikishika tu mkononi. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipofumba macho hayakufumbika vizuri.

Bibi Restituta, jirani yao wa ng'ambo ya migomba, alikuja na ushauri ambao kila mtu alikuwa nao.

"Shikamoo, bibi," Ernesta akaamkia.

"Marahaba. Mbaneni pua, mmimine. Mtoto ni mtoto."

Walijaribu. Renatus alishika mikono, Restituta alibana pua, Ernesta akamimina. Mtoto mdogo namna ile, hawakujua alitoa wapi nguvu. Maji yote yaliwarudia usoni na matapishi juu yake, na kile kidogo kilichokuwa tumboni kikatoka. Kutoka hapo Ernesta akakataa asiguswe tena. Walikuwa wamekwisha kumpeleka kwenye hospitali ya mahema kule kambini kwa wakimbizi. Muuguzi aliwaambia ukweli: maji ya mshipa atawekewa, yatakwisha, na kama hanywi mtarudi pale pale; na humu ndani kila kitanda kina mgonjwa wa kuhara damu, mkimlaza hapa ataondoka na kingine. Wakamrudisha nyumbani.

Kuhara damu kulikuwa kumeingia hata kijijini. Restituta alikuwa ametoka kumzika mkwe wake. Watu wa afya walipita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti: msinywe maji ya kijito, msinywe maji ya bondeni, chukueni maji ya lile tangi kubwa la mpira pale kambini, yana dawa. Kabla ya hapo Ernesta alikuwa akitumia maji ya chemchemi, anayachemsha. Ila kuni zilikuwa zimekwisha. Umati ule wote ulikuwa unapika, na vilima vilivyokuwa na miti vilibaki vipara. Kwa hiyo siku za karibuni alichanganya, leo ya chemchemi, kesho ya tangi, kibakuli kwenye sanduku na kikombe kwa mtoto, na samaki hawakuona tofauti.

Jioni ya siku ile ya pili Renatus alishuka bondeni kutafuta samaki, na dumu lililokatwa juu. Ernesta naye akaenda kupanga foleni kwenye tangi. Kwa samaki wapya alitaka maji safi kuliko yote yaliyopatikana Ngara nzima. Yasiwe ya chemchemi, yasiwe ya kuchanganya. Alirudi na ndoo mbili, moja kichwani na moja mkononi, shingo inamuuma, na njia nzima alikuwa akiyaongelesha yale maji yasimwagike.

Asubuhi wakaliingiza sanduku ndani. Kioo kilikuwa kinang'aa kuliko siku bruda alipoliacha. Ernesta akapanga mawe, akamimina ndoo moja nzima. Nyingine akaibakiza kwa ajili ya kikombe. Renatus akamnyanyua Kanyange kitandani, akamkalisha kwenye mkeka mbele ya kioo, akamwegemeza ukutani kwa mto wa kulalia. Alikuwa mwepesi kama nguo zake.

"Tazama," Ernesta akasema. "Wageni wako wanaingia."

Renatus aliwachota kwa kikombe mmoja mmoja, wote wazima, wekundu kwenye mapezi. Alimwacha mmoja tu ndani ya dumu, kibonge, aliyeona atawasumbua wadogo. Na kweli walipoingia walikimbia huku na huku, mtoto akainua kichwa. Ernesta akajaza kikombe, akakishika tayari.

Samaki wa kwanza alipanda juu akawa anahema hewa. Wa pili akamfuata. Kisha wote wakawa juu, midomo nje, wanapigana na kitu kisichoonekana, na mmoja akageuka tumbo juu. Renatus alitia mkono kuwatoa, akawa anashika maji. Walikwisha wote mtoto akitazama.

"Nilikwambia tusiharakishe," Renatus akasema.

"Hawana kidoa hata kimoja. Tazama. Hawakuumwa hawa."

Renatus akainama kwenye sanduku, akanusa. Akanusa na ndoo. Sura yake ikabadilika. "Ni dawa," akasema taratibu. "Ile dawa inaua vidudu, Ernesta. Samaki naye ni kidudu tu, ila kikubwa. Kibakuli hakikuwadhuru. Ndoo nzima imewaua."

Wakati huo Kanyange alikuwa ameporomoka kutoka pale ukutani alipoegemezwa. Alijiburuta kwa viwiko mpaka kwenye dumu. Ndani, kwenye yale maji ya bondeni yenye rangi ya chai, kibonge alikuwa anazunguka mzima kabisa. Mtoto alimtazama. Akatumbukiza kiganja chake kikavu, akakipeleka mdomoni.

Ernesta alifika kwa hatua ambayo hakuikumbuka baadaye. Alilipokonya dumu, akatoka nalo mbio, akayamwaga yale maji uani kwa nguvu zake zote. Ndiyo yale yale aliyoyanywa mkwe wa Restituta. Samaki akaanguka mavumbini, akaruka mara mbili tatu. Kuku akamwahi.

Aliporudi ndani, Kanyange alikuwa amelala chini amemkazia macho. Kiganja kilikuwa kitupu, maji yalimwagika kabla hajanywa. Na alikuwa ameona yote kupitia mlango: maji mazuri yameua, maji yasiyoua yamemwagwa, na aliyeyamwaga ni huyu.

Renatus alichukua dumu, akasema anarudi bondeni, safari hii atatafuta na maji ya kufaa, atafika kabla ya giza. Madimbwi ya karibu alikuwa ameyamaliza, na wote wawili walijua giza litamkuta njiani. Akaondoka hivyo hivyo, kwa kuwa mtu hawezi kukaa tu.

Ernesta alibaki na mtoto, na ndoo, na sanduku. Moyo ulimuuma mpaka akatamani kupiga mtu. Alitaka kusema. Alitaka kumweleza Kanyange habari ya dawa na vidudu na bonde, akafungua mdomo, akaona upumbavu wake. Nani tena amwambie mtoto huyu kwamba maji ni mazuri, na amwambie kwa ushahidi gani? Kila aliyemwambia kitu amekwisha kufa au amemdanganya.

Akatoa samaki waliokufa, akawafunika kwa jani la mgomba. Akayamwaga maji yale, mpaka sanduku likabaki tupu. Kisha akaja na ndoo iliyobaki, akakaa sakafuni upande wa pili wa kioo, uso kwa uso na mtoto. Akachota kikombe, akanywa.

Alikunywa polepole ili koo lake lionekane. Akachota cha pili, kisha kingine. Maji yalinuka dawa, yalimkata kiu halafu yakampita kiu, yakamjaa mpaka kifuani, na bado akachota. Kila alipomeza, alitulia, akaacha mdomo wazi, akahema, ili mtoto aone kwamba anahema. Kanyange alikuwa anamtazama kupitia kioo, macho yamezama lakini hayabanduki. Alimtazama vile alivyokuwa akiwatazama wale wengine, akingoja ageuke tumbo juu.

Jua liliondoka dirishani. Restituta alipita, akachungulia, akaona mwanamke aliyejulikana kwa kelele amekaa kimya mbele ya sanduku tupu anakunywa maji, akafanya ishara ya msalaba akaenda zake.

Ernesta alikuwa ameinua kikombe tena alipoona kidole. Mtoto alikuwa amekinyoosha, kimegusa kioo. Ernesta akazunguka sanduku kwa magoti. Akataka kumchotea maji mengine, Kanyange akatikisa kichwa. Alikitaka kile kile kilichonywewa, nusu yake. Ernesta akamwinua kichwa. Tone la kwanza lilitelemka kidevuni. La pili likaingia. Kisha akameza, kwa sauti ambayo Ernesta aliisikia kwenye mifupa yake mwenyewe, na hapo ndipo alipolia.

Renatus alifika alfajiri, miguu imejaa matope, samaki wanne kwenye dumu. Aliwakuta wote wawili kwenye mkeka na ndoo imepungua. Kanyange alikuwa ameamka. Renatus akamwonyesha dumu kwa furaha, mtoto akalitupia jicho mara moja, basi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na anamngoja Ernesta.

Ernesta aliamka. Tumbo lilikuwa limemkaza tangu usiku, linakata na kuachia, na hakujua kama ni wingi wa maji au ni ule ugonjwa wa watu wote. Alitaka kujikunja. Kanyange alikuwa anamtazama mdomo.

Akajinyoosha, akapokea kikombe, akanywa nusu. Akahema, ili aonekane anahema, halafu akamrudishia kilichobaki.