Milioni Moja na Moja

...haigawanyiki kwa mbili wala kwa tatu, kwa saba inabaki mbili, kwa kumi na moja mbili, kwa kumi na tatu mbili vilevile, aliigawa mwenyewe kwa penseli Jumapili nzima, akishuka na kadi yenye orodha ya namba tasa aliyoibandika juu ya meza tangu aanze kufundisha, haikugawanyika hata kwa moja kati ya hizo, basi akaandika swali la sita, Thibitisha kwamba 1,000,001 ni namba tasa, alama ishirini, akajisikia kama kuku aliyetaga, na sasa amesimama katikati ya ukumbi wa mtihani, nyuma ya binti wa fundi viatu, na karatasi ya binti inasema 101 × 9901, mistari miwili chini yake, haiwezekani, 9901 mara mia ni 990,100, ongeza 9901 nyingine... Mungu wangu, imetimia, haikubakisha hata chembe, ile orodha inaishia tisini na saba, kadi ndiyo iliyokwisha, namba hazikwisha, naye na shahada zake mbili akasimama pale kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba, ilhali alipaswa kujaribu hadi karibu na elfu, unakwenda mpaka kipeuo cha pili, anawaimbia hivyo kila mwaka... “Dada,” msimamizi mwenzake, mwalimu wa fizikia, anamnong'oneza akipita, “mbona jasho? Mtihani unafanya wewe?” cheka, cheka kidogo, haya amecheka, na mkuu wa idara je, aliyemkabidhi kazi ya kutunga mtihani kama anayempa mtoto kisu, Haya mama, tuone, naye akajibu Utaona, mdomo huo, atamwita mbele ya kikao, atavua miwani polepole... labda wasigundue, watu mia mbili, wangapi watafika mia na moja, atakayeshindwa atajiona mjinga na kunyamaza, ndivyo tulivyowafunza, swali litafutwa kimyakimya wakati wa kusahihisha, nani atauliza... binti ameshika kifutio. Anafuta. Anafuta jibu sahihi, taratibu, kwa adabu, mara ya tatu hii analirudia somo na hakuna ya nne, akianguka anafungasha, juzi alikuja ofisini, Mwalimu, nikipata jibu linalopingana na swali nifanyeje, naye bila hata kuinua kichwa akamwambia, Mwanangu, ukigombana na swali, aliyekosea ni wewe, wakacheka wote wawili, wakacheka!... na sasa anayemtisha si mkuu wa idara, huyo na miwani yake, bali kile kipande cha mpira kinachotii, tisa ya kwanza imekwenda, sema, vichwa mia mbili vimeinama kwa sababu ya kadi moja fupi, Wekeni kalamu chini, swali la sita nimekosea mimi, maneno yamepangika tayari, sema, na kifutio bado kinakwenda