Mafuta Yanapanda, Moto Unashuka

Siku ya kwanza ya zile siku tisa za Mama Bhavani, mungu wa kike wa mlima ule, Thakubai alipanda ngome ya Ranvirgad tumbo tupu, kama alivyopanda kila mwaka tangu aolewe. Ila mwaka huu Genu, mumewe, hakuwa mbele yake akikohoa na kumwambia akaze mwendo. Mbele alikuwa Vaijayanta, binti yao wa pekee, aliyekuja kutoka kwa mumewe ng'ambo ya mto, mtungi wa mafuta kichwani.

Kwenye lango kubwa, lile lenye misumari ya chuma ya kuwachoma tembo wa adui, Thakubai aligusa kizingiti kisha akagusa paji la uso wake. Hapo ndipo babu zake Genu walipokuwa wakisimama na mikuki. Adui aliuzingira mlima mpaka akala farasi wake mwenyewe, akaondoka na vumbi lake. Hakuna mtoto wa mlima huu asiyeijua habari hiyo, wala mzee anayechoka kuisimulia. Kwenye kihekalu cha mungu Maruti waliacha nazi, kwenye bwawa la Mahadev wakanawa miguu, ndipo wakafika juu kabisa, kwenye hekalu la Mama, penye minara miwili ya taa.

Minara ile ni ya mawe meusi, mirefu kama minazi, na kila mmoja umetoa mikono ya mawe pande zote toka chini hadi kileleni. Mikono hiyo ndiyo ngazi, na ndiyo inayobeba vitaa vya udongo. Minara ikiwaka jioni ya siku ya kwanza, vijiji vyote vya bondeni huiona, na hapo waliofunga hula. Mnara wa kulia ni wa nyumba ya Genu, wa kushoto wa nyumba ya Dhondiba. Nyumba ikikosa mpandaji, mnara wake huenda kwa nyumba ya pili, na haurudi.

Genu alikufa kabla ya mvua. Mtoto wa kiume hakuacha.

"Mimi sina ubaya na wewe, Thakubai," Dhondiba alimwambia pale uani, mikono nyuma. "Lakini mnara haupandwi kwa machozi. Mwanangu Sampat ana miguu ya kutosha minara yote miwili."

"Miguu ya Sampat naijua," Thakubai akasema. "Ndiyo inayokanyaga mtama wangu kila mwaka, kama njia haioni."

Mzee wa hekalu, ambaye wote humwita Tatya, alikuwa ameegemea ukuta. Hukumu ilikuwa yake.

"Nyumba ya Genu imeleta mtu?"

"Imeleta, Tatya."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa mbele yako."

Watu wakamtazama Vaijayanta, kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Sampat, aliyekuwa akijinyoosha kama mpiga mieleka, akauliza, "Dada, utapanda na sari? Au tukuitie machela?"

Vaijayanta alikuwa ameivaa sari ndefu ya bibi zake, ile inayopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Akaivuta kuonyesha ilivyokaza. "Sari yangu haina neno, kaka. Chunga hiyo dhoti uliyojifunga kiunoni isije ikakutangulia kushuka."

Kicheko kikamhamia Sampat. Tatya akainua mkono.

"Desturi imesema nyumba, haikusema ndevu. Apande. Lakini mnara usipowaka wote kabla ngoma haijanyamaza, mwakani ni wa Dhondiba. Umekubali, mama?"

"Nimekubali," Thakubai akasema, na neno likamtoka kavu kwa ile saumu.

Akasogea pembeni, kwenye ukuta kati ya minara, mahali pa wajane. Tambi zote za vitaa vile alizisokota yeye kwa pamba ya shamba lake, huku akilitaja jina la Mama. Lakini mjane hashiki taa ya Mama ikishawaka. Ndivyo ilivyo, naye hakuwa mtu wa kugombana na ilivyo. Akasimama, akatazama.

Jua lilipogusa mlima wa pili, ngoma ikaanza. Vaijayanta akajifunga kapu la vitaa mgongoni, mafuta kiunoni, kijungu cha makaa shingoni, akakanyaga mkono wa kwanza. Kila alipofika aliweka kitaa, akatia mafuta, akapanda. Hakuwasha kitu.

Upande wa pili Sampat alikuwa anawasha. Kitaa, mafuta, moto. Kitaa, mafuta, moto. Mnara wake ukaanza kung'aa toka miguuni kwenda juu, na watu wakashangilia, maana hata miaka ya baba yake hawakuuona ukiwaka mapema namna ile. Dhondiba, ambaye magoti yalimwachisha kazi ile mwaka jana, hakuwa anatazama mnara. Alikuwa anapokea pongezi.

"Thakubai," akaita, "mnara wako umelala? Tuuletee shuka?"

Juu, katikati ya mnara wa giza, Vaijayanta akasimama. Akautazama mnara wa Sampat, halafu mkono wake ukaenda kwenye kijungu cha makaa. Thakubai aliuona mkono ule. Alijua mwanawe anafikiri nini: kiwake japo kimoja, watu wanyamaze.

Akasema, si kwa kelele, maneno yale yale ambayo Genu aliyasema kila mwaka, hata akiwa mgonjwa, hata usingizini: "Mafuta yanapanda, mwanangu. Moto unashuka."

Mkono ukaacha kijungu. Vaijayanta akaendelea kupanda gizani, mpaka kileleni, na huko ndiko moto wa kwanza ulikoonekana. Kisha akaanza kushuka, akiwasha kila alichokipita, moto wote ukibaki juu yake na giza tu chini ya nyayo zake.

Waswahili wa zamani walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakumwona Sampat. Alifika kileleni, akawasha cha mwisho, akainua mikono miwili apokee sifa, akatazama chini. Kila jiwe la kukanyaga lilikuwa na moto wake, na joto lilikuwa linapanda.

"Baba," akaita. Halafu tena, kwa sauti ya mtoto, "Baba, nashukaje?"

Watu wakacheka, kisha upepo ukavuta ncha ya dhoti yake karibu na moto, kicheko kikakatika.

"Vizimeni," Dhondiba akasema. "Vizimeni vya chini apite."

Kuhani wa Mama, aliyesimama mlangoni pa hekalu, akatikisa kichwa. "Taa ya Mama siku ya kwanza? Nani ataipuliza? Wewe?"

Dhondiba akamgeukia kila mtu, na kila mtu akatazama mahali pengine. Mwisho akabaki na Thakubai.

Thakubai angeweza kumuuliza kama alitaka shuka. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, na saumu ndiyo iliyolirudisha.

"Haizimwi," akasema. "Lakini nani alisema haihami? Kitaa kinabebwa kinawaka, kinawekwa miguuni pa Mama. Vaijayanta, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama." Mnara wa kulia ulikuwa unawaka wote, na ngoma bado inalia.

"Basi kamletee mwenzio njia."

Vaijayanta akaukanyaga mnara wa kushoto kuanzia chini, akainua kitaa cha kwanza kwa ncha ya sari, akakishusha bila kukimwaga. Aliyekuwa karibu ni mama yake. Thakubai akanyoosha mikono, akakipokea.

Kuhani akamtazama Tatya. Tatya akamtazama Sampat kule juu, akamtazama mjane mwenye moto mikononi, kisha akaanza kuichunguza ndala yake kana kwamba ina tatizo. Thakubai akavuka kizingiti, akaweka kitaa miguuni pa Mama, akarudi kuchukua kingine. Akaenda tena, na tena. Hakuna aliyemwambia rudi ukutani.

Sampat akashuka nyuma ya Vaijayanta, jiwe kwa jiwe, dhoti ameikumbatia. Akafika chini. Aliinama akagusa miguu ya Thakubai, na Thakubai akamwekea mkono kichwani kama mtoto wake.

"Ukipumzika," akamwambia, "panda tena uuwashe. Minara hii ni macho ya Mama, naye hapendi jicho moja."

Tatya akakohoa. "Mnara wa kulia una mtu wake," akasema.

"Na wa kushoto?" Dhondiba akauliza polepole.

"Wa kushoto nao una mtu wake. Kesho aje kwa huyu binti afundishwe kushuka."

Bondeni, kijiji baada ya kijiji, watu walikuwa wameshauona moto, na majiko yakaanza kuwashwa. Thakubai akakaa kwenye ngazi ya hekalu, si ukutani, akagawana na mwanawe njugu na kipande cha sukari guru. Vidole vyake vilinuka mafuta ya vitaa vya Mama. Hakuviosha.