Mkate Moto Mkononi mwa Mkwe

Tangu Mama Hortense atoke Lubumbashi na kushuka Kobe, mji wa bandari huko Japani, mkwe wake Gérard hakula nyumbani kwake hata siku moja. Akitoka kazini anakula kituoni, amesimama, na begi lake mgongoni, ndipo anapanda treni ya kurudi. Akifika, anakohoa nje ya mlango. Mama Hortense akisikia kikohozi kile anaokota kitenge chake na kuingia chumba cha ndani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu, na mama mkwe hawezi kutazamana na mkwe wake juu ya sahani.

Mapalo, binti mdogo wa Mama Hortense, alikuwa anaona yote hayo. Hakuwa msemaji. Aliacha masomo alipomaliza la sita kule Katuba, mtaa wao wa Lubumbashi, akazoea kukaa pembeni ya wakubwa na kuangalia mikono yao ili ajue kitu kinafanywaje. Walikuja na mama yake kumsaidia dada yake mkubwa Cathy, mke wa Gérard, aliyezaa kwa kupasuliwa. Mama anamwogesha mtoto na kumkanda, Mapalo anafua na kupika. Kila jioni walisonga bukari, ugali wa kwao, na kila jioni sahani ya Gérard ilibaki imefunikwa mpaka Mapalo aimwage.

Hakuna aliyekuwa na kosa. Kwao akina Mama Hortense, mkwe haonji chakula cha mama mkwe mpaka aingizwe. Mashangazi wa mke wanaleta vyungu vimefunikwa, ngoma zinapigwa, mama mkwe anafunua kwa mkono wake mwenyewe, anaonja, na kuanzia siku ile mkwe ni mtu wa kula kwake. Lakini Gérard alioa mbio mbio. Viza yake ilitoka juma lile lile la harusi, na watu wakasema ataingizwa akirudi likizo. Likizo haikufika. Na Gérard mwenyewe ni mtoto wa Bel-Air, mtaa mwingine wa Lubumbashi, mwenye asili ya Kasai, na kwao heshima ya mama mkwe ni kumkimbia kabisa: usimguse, usimwangalie, usimtaje jina. Basi huyu akamheshimu yule, yule akamheshimu huyu, na nyumba ikaanza kupasuka katikati.

Usiku mmoja Cathy alishindwa kujizuia.

"Mutoto wako anajua harufu ya koti yako tu," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Sura yako haijui."

"Sasa nifanye nini, Cathy? Nikae ku meza moja na mama yako? Baba yangu akisikia atasema nini?"

Ukuta wa kule ni mwembamba kama karatasi. Asubuhi, Mama Hortense akiwa anamfunga mtoto nepi, alisema bila kuinua macho, "Mapalo, uambie yaya wako Cathy abadilishe tikiti yangu. Juma yenye kuya, miye naenda kwangu. Sikuya huku kuvunja ndoa ya muntu."

Mapalo alimwangalia yule mtoto, Exaucée, shingo yake bado inalegea kama ua lililokosa maji. Akamwangalia Cathy, ambaye kila akisimama anashika tumbo penye kidonda. Mama akiondoka, mwanamke huyu atabaki peke yake mchana kutwa. Hakulia, maana hakuwa mtu wa kulia. Alianza kufikiri.

Akakumbuka mtaa wa Wachina. Waliupita siku waliyotoka kumpima mtoto: barabara ndogo zinazokatana, taa nyekundu juu, na watu wengi wanakula wamesimama, kila mmoja na kikaratasi chake mkononi, hakuna meza, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Yaya," alimwambia dada yake jikoni, "siku ya Mungu twende kule kwa Bachina. Kule kila muntu anakula anaangalia njia yake. Mama anunue yake, yaya-bwana Gérard anunue yake. Hata bakigeuziana mugongo, banakula fasi moja. Ni kwa kuanza tu."

Cathy alimwangalia mdogo wake. "Weye! Unakaa kimya kumbe unapika mambo."

Jumapili ile Wachina walikuwa na sikukuu yao ya mwaka mpya. Baridi ilikuwa inauma masikio. Mtaa ulijaa watu kama soko la Katuba siku ya kabla ya Noeli, ila hapa hakuna aliyepiga kelele wala kusukuma kwa makusudi. Gérard alitangulia hatua chache mbele, Mama Hortense akabaki nyuma na mjukuu mgongoni ndani ya kitenge, blanketi juu. Katikati yao Mapalo, anabeba maneno huku na huku. Ndiyo kazi ya mdogo wa mke: mkwe na mama mkwe hawasemeshani, wanasema kupitia yeye, hata kama wanasikiana wazi.

"Mulamu," Gérard alisema akiwa ameangalia lango kubwa la mawe, "umwambie Mama kama bale Bachina balifika zamani sana na bato ya bahari, wakati Bajaponi balifungua bandari. Balibapatia haka kafasi kadogo. Njo balibaki mpaka leo, batoto ya batoto."

Mama Hortense alikuwa amekwisha kusikia. "Mapalo, umwambie mukwe wangu kama ni sawa na babu yake. Naye alikuya Lubumbashi na treni, akapewa kafasi kadogo, na leo bajukuu bake banajaza Bel-Air yote."

Gérard alicheka, kisha akageuza uso upesi kama mtu aliyekosea. Mapalo aliona kile kicheko, akakiweka moyoni.

Lakini kuhusu kula, mpango haukusogea. Mama alisema hana njaa. Gérard alisema alikula asubuhi. Waongo wote wawili.

Ndipo simba alipofika. Vijana wawili ndani ya simba mmoja wa nguo, macho makubwa, ngoma nyuma yake, na watu wakabanana kando ya maduka kuwapisha. Cathy na Mapalo wakasukumwa upande huu, Mama Hortense akasukumwa upande ule, mbele ya mama mzee aliyevaa kofia nyeupe, anauza mikate ya mvuke. Mzee yule alifunua kapu lake la mianzi. Mvuke ukapanda, ukafunga miwani ya Mama Hortense, akawa haoni kitu. Harufu ikamshinda. Akanyoosha sarafu, akapewa mkate mmoja mweupe, wa duara, umevimba kama bukari iliyotoka sasa hivi kwenye sufuria. Akaukata katikati. Akahisi mtu ubavuni pake, akajua ni Mapalo, maana siku zote ni Mapalo.

"Shika, mama," alisema, kama anavyomwita binti yake. "Kula, usikufe na baridi."

Na mkono ukapokea.

Miwani ilipoanza kusafika, Mama Hortense aliona kwamba mkono ule una saa kubwa ya kiume. Haukuwa mkono wa Mapalo. Ulikuwa wa Gérard, aliyerudishwa nyuma na kubanwa pale na watu, aliyepokea kabla hajafikiri, kama mtoto anavyopokea.

Mapalo, upande wa pili, aliona vyote. Aliona mama yake anakauka kama nguzo. Aliona Gérard anatazama ule mkate. Kuutupa, ni kutupa chakula cha mama mkwe wake mbele ya macho yake. Kuula, hajaingizwa. Kuurudisha, ndiyo matusi zaidi ya yote. Na mkate wenyewe ulikuwa unatoa moshi, mafuta ya nyama yanamteremkia kwenye vidole, na mwanaume yule mzima amesimama anaungua, anauma midomo, hatikisiki.

"Mungu wangu," Cathy alisema. "Imekwisha. Mama ataenda hata kesho."

Mapalo alitoa simu na kumpigia Tantine Chisanga, dada wa marehemu baba yao, kule Katuba. Huko ilikuwa asubuhi. Tantine alionekana kwenye kioo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado.

"Allo! Munanipigia mbele ya misa kuanza, nani amekufa?"

"Hakuna muntu amekufa, Tantine. Mama amemupa mukwe chakula."

"Na mukono yake mwenyewe?"

"Na mukono yake mwenyewe."

"Mama yangu weee! Mbele hatujamuingiza?"

"Gérard ameshika. Anaungua."

"Asitupe! Umwambie asitupe!"

"Hatupi."

"Na asikule!"

"Hakuli, Tantine. Anaungua tu."

Mapalo alikuwa amekwisha kupenya kati ya watu mpaka kwao. Akainua simu ili Tantine aone.

"Ni kintu gani ile?" Tantine aliuliza.

"Mukate ya Bachina. Iko na nyama ya nguruwe ndani."

"Nguruwe! Muntu haingizwe na nguruwe. Kuku iko wapi? Vyungu viko wapi?"

"Tantine," Mapalo alisema, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumkatiza mkubwa, "ukingojea kuku, mukono wake itaiva mbele ya kuku kufika. Na Mama anataka kurudi. Mutoto bado hana shingo. Weye njo shangazi. Ukisema imefunguka, imefunguka."

Tantine Chisanga aliangalia. Katika kile kioo kidogo aliona kaka yake hayupo, alimwona wifi yake ameinamisha kichwa na mjukuu mgongoni, na mtoto wa watu machozi yanamtoka kwa moto bila kuachia chakula.

"Huyu kijana ana heshima," alisema polepole. Kisha akapaza sauti. "Hortense! Funika ile kintu!"

Mama Hortense alifungua kitambaa chake cha kichwa katika baridi ile, akaufunika mkono wa Gérard pamoja na mkate.

"Sasa funua. Na mukono yako. Uonje weye wa kwanza."

Alifunua. Akachuna kipande, akakitia mdomoni, macho yake chini. Kisha akatamka: "Chakula ya kwangu imefunguka. Yenye nilipika, na yenye nitapika."

Gérard alichuchumaa pale pale barabarani. Kwa mkono ulio mtupu akajipiga paja kwa adabu, kwa kuwa kupiga makofi ya shukrani kwa mikono miwili hakuweza, kisha akala. Akala wote, akalamba na vidole. Tantine akapiga vigelegele kwenye simu mpaka ikakwaruza. Mama mzee wa mikate, asiyejua neno hata moja, akaona tu kwamba hapa kuna furaha ya watu, akapiga makofi. Na simba wa nguo akarudi na ngoma zake, akapita mbele yao akitikisa kichwa, kana kwamba alikodishwa kwa kazi hiyo.

Cathy alicheka mpaka akashika kidonda. "Basi, munanipasua tena!"

"Kuku yangu nangojea!" Tantine alipiga kelele. "Hii ni mulango tu!" Akakata simu akasukwe.

Gérard alinunua mikate mingine, akampa Mapalo wa kwanza. Mapalo aliula taratibu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani.

Kesho yake jioni, jua halijazama, walisikia kikohozi nje ya mlango. Mama Hortense akainuka, akaokota kitenge chake, akapiga hatua kuelekea chumba cha ndani. Kisha akasimama. Akakaa tena. Mapalo alifungua mdomo ili apokee maneno ya kupeleka, kama siku zote, lakini mama yake alimwonyesha kwa mkono anyamaze.

"Baba Exaucée," aliita mwenyewe, uso umeelekea sufuria, "ingia. Bukari inapoa."